Lori linaloishi kwa upepo

Nikisema niliendesha PLS katika jeshi la Marekani, lori kubwa linalojipakia mzigo lenyewe (Palletized Load System), swali la kwanza huwa ni nguvu. Haya: yale ya mwanzo yalikuwa na injini ya Detroit Diesel 8V92, silinda nane, lita 12, nguvu za farasi 500. Ekseli tano, tairi kumi, na zote zinavuta. Tani 15 mgongoni na tani 15 nyingine kwenye trela. Linaundwa na Oshkosh kule Wisconsin, na jeshi lilianza kulitumia mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mkono wake wa chuma unanyanyua jukwaa zima la mzigo kutoka chini, dereva akiwa amekaa kitini.

Nguvu haikuwahi kunisumbua. Kilichonisumbua ni upepo, yaani hewa iliyokandamizwa inayotumika kwenye breki na tairi.

Wanafunzi wengi hudhani handbreki inakamata kwa upepo. Ni kinyume. Ndani ya chemba ya breki mna springi nene ambayo muda wote inataka kukaba gurudumu, na kazi ya upepo ni kuirudisha nyuma. Upepo ukiisha, springi inashinda na lori linasimama. Kwa usalama ni jambo jema, lakini maana yake ni kwamba tone la maji mahali pabaya linaweza kuzuia tani arobaini zisisogee.

Maji yanatoka wapi? Kompresa inaukandamiza upepo hadi unapata moto, ukipoa ndani ya tangi unatoa jasho. Kikaushio kinanasa sehemu kubwa, ila nacho huchoka. Zamani nilikuwa taniboi wa mjomba wangu, barabara ya Mombasa hadi Malaba, na kila jioni, kabla hata ya chai, alinituma uvunguni nifungue matangi ya upepo mpaka yateme maji yote. Nilidhani ananionea tu.

Januari moja huko Kansas nikarudi nimechoka, nikaegesha, nikaenda kulala bila kufungua matangi. Asubuhi injini ikawaka vizuri, geji ikapanda, nikabonyeza kitufe cha njano cha handbreki, nikaweka gia. Lori likainama kidogo mbele kama linalosujudu, likagoma. Maji yalikuwa yameganda ndani ya vali. Sajini hakunigombeza. Alisimama na kikombe chake cha kahawa akinitazama nikilala kwenye theluji na bomba la hewa moto, saa nzima na zaidi. Ningependa angenigombeza.

Ukaguzi wa jeshi hufanyika mara tatu: kabla ya safari, njiani na baada ya kurudi, ukifuata kitabu cha dereva, TM 9-2320-364-10. Humo uvujaji una madaraja. La kwanza ni unyevu tu, hakuna tone. La pili tone linajitokeza lakini halidondoki. La tatu linadondoka mbele ya macho yako. Kwa oili, la kwanza na la pili unaweza kuondoka nalo ukichunga kimo. La tatu unaripoti. Dizeli ikivuja hata kidogo, huendi popote. Utaratibu mzuri, lakini upepo hauachi tone. Kwa hiyo mimi huzima injini, najaza mapafu yangu, natulia na kuzunguka gari lote nikitega sikio.

Na kuna pa kusikiliza pengi, maana PLS hupeleka upepo hadi ndani ya tairi likiwa linatembea. Dereva anachagua: lami, njia mbaya, mchanga na matope, au dharura. Ukipunguza upepo, tairi linatandaza unyayo na halizami. Ukisahau ukaanza kukimbia, taa inakuonya na mfumo wenyewe unaanza kujaza. Lakini breki hupata kwanza. Upepo wa matangi ukiwa chini, tairi zitasubiri. Udhaifu uko kwenye kitovu cha gurudumu, ambako upepo lazima upite kutoka kitu kilichosimama kwenda kitu kinachozunguka. Hapo kuna sili za kuzuia upepo usitoroke, na mchanga hauzipendi sili.

Usiku mmoja katika jangwa la Mojave, California, kompresa yangu haikuwa ikipumzika. Inajaza, inaacha, inajaza tena. Geji zilionekana sawa. Tukasimama, nikazima injini, nikasikia kitu kama mtu anayenyamazisha mtoto: shhh. Kulia au kushoto? Mwenzangu akachanganya sabuni ya vyombo na maji kwenye chupa, tukapaka kitovu kimoja kimoja kwa mwanga wa tochi. Ekseli ya tatu, upande wa kulia, povu likaanza kuvimba taratibu, kubwa kama yai, likapasuka, likavimba tena.

Tulifika saa tano asubuhi badala ya saa mbili. Mzigo wenyewe ulikuwa maji ya kunywa.