Kuifunga leza kwa mvuke wa atomu

Leza ndogo ya diodi inayotoa mwanga wa nanomita 780 haitulii. Joto lake likipanda nyuzi moja tu ya Selsiasi, masafa ya mwanga wake (idadi ya mitetemo kwa sekunde) yanaweza kuhama kwa makumi ya gigahezi. Anayetaka kupoza atomu za rubidi (aina ya metali) kwa leza hawezi kuvumilia hilo, kwani atomu hizo huitikia masafa ya takriban terahezi 384, katika upana wa megahezi 6 hivi tu. Ndiyo maana leza hufungwa, yaani hulazimishwa kubaki kwenye masafa ya atomu yenyewe.

Kinachohitajika ni kichupa cha kioo kilichotolewa hewa na kutiwa chembe ya rubidi. Hata kwa joto la kawaida la chumba, mvuke wake unatosha. Tena atomu za rubidi ni zile zile kila mahali, hivyo kipimo hiki hakichakai.

Tatizo ni kwamba atomu za mvuke zinakimbia, mita 270 hivi kwa sekunde. Atomu inayokuja kukutana na mwanga uso kwa uso huona masafa yamepanda, inayoukimbia huona yameshuka, na mstari wa megahezi 6 hutanuka hadi kama 500.

Dawa yake, kwa maoni yangu, ni ujanja mtamu kweli. Mwanga wa leza hiyo hiyo hugawanywa miali miwili, mmoja mkali na mmoja hafifu, ipite kichupani ikitoka pande mkabala. Masafa yakiwa pembeni, kila mwali hukutana na atomu zake. Yakiwa sawasawa na ya atomu, yote miwili huziangukia zile zisizosogea kuelekea upande wowote wa miali. Mwali mkali umeshazishibisha, haziwezi kufyonza mwanga zaidi, kwa hiyo ule hafifu hupenya, na kwenye skrini huchomoza kilele chembamba.

Ila kilele peke yake hakisemi leza imeteleza upande gani, maana mwanga hupungua kotekote. Basi masafa hutikiswa kidogo makusudi, na jinsi mwanga unavyojibu mtikiso hutoa ishara: chanya upande mmoja, hasi upande wa pili, sifuri kileleni. Saketi huifuata ishara hiyo na kurekebisha mkondo wa umeme wa leza muda wote. Mtu akiigonga meza kwa nguvu, leza inaweza kuruka na kujifunga kwenye kilele cha jirani, huku kila taa ikionyesha kwamba mambo ni shwari.