"How come" haiulizi umekuja na nini

Hapa Goma, wanaojifunza Kiingereza ili wapate kazi kwenye mashirika hufundishwa "because" wakaishia hapo. Halafu wanakutana na mzungumzaji wa kawaida, na sababu zinakuja kwa sura nyingine kabisa.

Dhana: "How come" inauliza njia au usafiri. Bosi akisema "How come you're late?", kijana anajibu kwamba amekuja na moto, yaani pikipiki. Ukweli ni kwamba ameulizwa "Mbona umechelewa?", pamoja na ule mshangao uliomo ndani ya "mbona". Jambo hili lisitushinde sisi, maana kila siku tunaulizana "juu ya nini umechelewa?", yaani kwa nini, na hakuna anayetazama juu. Cha kuangalia zaidi ni mpangilio. "Why" hugeuza maneno: "Why are you late?" "How come" haigeuzi: "How come you are late?" Ukisema "How come are you", umekosea. Tena ni maneno ya mazungumzo; kwenye barua ya kuomba kazi andika "why".

Dhana: "What with" ni mwanzo wa swali. Hapana, inarundika sababu, aghalabu za shida: "What with the rain and the bad road, we reached Rutshuru at night." Mvua na ubovu wa barabara ndivyo vilivyowachelewesha.

Dhana: "Seeing as" inahusu macho. Maana yake ni "maadamu": "Seeing as you're going to Birere, buy me some salt." Sababu yenyewe wote wawili wanaijua tayari.

Dhana: "Since" ni "depuis" (tangu) tu. Kifaransa cha shuleni ndicho kinachotufunga hapa. Kifaransa kina "depuis" ya wakati na "puisque" ya sababu. Kiingereza kinazibeba zote mbili kwa neno moja. "Since you're here, help me" ni "puisque".

Dhana: "'Cause", ufupisho wa "because", ni Kiingereza cha wasiosoma. Hata maprofesa huitamka hivyo wakiongea. "Because" yenyewe iliunganishwa zamani kutoka "by" ya Kiingereza na "cause" ya Kifaransa. Kosa linalostahili kusahihishwa ni "because of I was sick". "Because of" hufuatwa na jina, kama "à cause de". Sentensi nzima hutaka "because" peke yake, kama "parce que". Kwa hiyo sema "because I was sick", au "because of malaria".