Kwa Nini After Effects Hukwama Ilhali Video Hiyohiyo Hucheza Vizuri kwenye Simu?

Je, wajua kwamba kompyuta inayoonyesha filamu nzima bila kusitasita inaweza kuhangaika kwa dakika kadhaa kuonyesha kadi ya mwaliko wa harusi ya sekunde 10, uliyoitengeneza mwenyewe ndani ya After Effects, programu ya michoro jongefu ya kampuni ya Adobe? Wengi wanaokutana na hali hiyo hudhani kompyuta imezeeka au imeingiwa na virusi, na ushauri wa kwanza watakaopewa dukani ni kuongeza RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Ushauri huo wakati mwingine ni sahihi, lakini mara nyingi hautibu ugonjwa uliopo, kwa kuwa uzito wa programu za michoro jongefu una vyanzo kadhaa visivyofanana.

Ieleweke kwanza kwamba After Effects haichezi video. Faili ya video iliyokamilika ina picha zilizokwisha kukokotolewa na kubanwa, na kazi ya kichezaji ni kuzifungua na kuzionyesha tu. Simu na kompyuta za leo zina sehemu maalumu ya kufanya kazi hiyo. After Effects huijenga kila fremu, yaani kila picha moja ya video, upya kutoka kwenye leya zake, yaani matabaka yaliyopangwa moja juu ya jingine: husoma picha, hukata maumbo, huweka efekti, husogeza na kuzungusha, kisha huchanganya rangi za leya zote kuanzia ya chini hadi ya juu. Kichezaji hupakua chakula kilichokwisha kuiva, ilhali After Effects huwasha moto kwa kila sahani. Imekuwa hivyo tangu kampuni ya CoSA ya Marekani ilipoitoa programu hii mwaka 1993, kabla haijaangukia mikononi mwa Adobe mwaka 1994.

Ukubwa wa kazi hiyo huonekana vizuri katika hesabu. Fremu moja yenye upana wa pikseli (nukta za rangi) 1920 na kimo cha 1080 ina pikseli 2,073,600. Kila pikseli hubeba thamani nne, yaani nyekundu, kijani, buluu na kiwango cha uwazi, kwa hiyo katika rangi za biti 8, yaani baiti moja kwa kila thamani, fremu hiyo huchukua takriban megabaiti 8.3. Kwa fremu 25 kwa sekunde, sekunde moja hufikia megabaiti 207, na ile kadi ya sekunde 10 hukaribia gigabaiti 2. Ukibadilisha mradi kuwa wa biti 16, kiasi hicho huongezeka maradufu, na ukienda biti 32 huwa mara nne. Video hiyohiyo ikishabanwa kwa ajili ya YouTube huwa na megabaiti kama 1 tu kwa sekunde.

Hapo ndipo kazi ya RAM inapoeleweka. Fremu ikishakokotolewa huwekwa kwenye kumbukumbu, na mstari wa kijani hutokea juu ya leya kuonyesha kwamba sehemu hiyo sasa inaweza kuchezwa kwa kasi yake halisi. Katika matoleo ya kabla ya lile la 25.2 la mwaka 2025, RAM kubwa huurefusha mstari huo wa kijani, lakini haimfanyi prosesa, yaani ubongo wa kompyuta unaofanya hesabu, akokotoe haraka zaidi. Mtu ambaye mstari wake unatambaa taratibu mno ana tatizo la hesabu. Katika matoleo hayo, yule ambaye mstari wake unakwenda vizuri kisha unaishia katikati ya kazi ndiye mwenye tatizo la kumbukumbu. Huyu wa pili anaweza kwenda dukani. Wa kwanza abaki na fedha zake kwanza na kuuchunguza mradi.

Uchunguzi huo umekuwa rahisi tangu toleo la 22, lililotoka Oktoba 2021. Chini ya paneli ya mstari wa muda, upande wa kushoto, kuna alama ndogo ya konokono, na ukiibonyeza hufunguka safu inayoonyesha muda ambao kila leya na kila efekti imetumia katika fremu unayoitazama. Katika toleo la zamani, zima nusu ya leya, tazama kama kasi inabadilika, kisha endelea kuigawa nusu yenye kasoro mpaka umpate mkosaji.

Mara nyingi mkosaji hashukiwi kabisa. Chukua ile kadi ya harusi: nyuma ya majina kuna picha ya maharusi iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera, ikiwa na pikseli 6000 kwa 4000, imepunguzwa hadi asilimia 32 ili ienee kwenye kioo, na juu yake imewekwa efekti ya ukungu ili maandishi yasomeke. Machoni inaonekana picha ndogo tu. Lakini katika mpangilio wa After Effects, barakoa, yaani maumbo yanayoikata leya, hukokotolewa kwanza, efekti hufuata, na mabadiliko ya ukubwa na mahali huja baada ya hapo. Maana yake ni kwamba ukungu huo unapigwa kwenye pikseli milioni 24 ndipo picha ipunguzwe, ingawa zitakazoonekana ni milioni 2 tu. Punguza picha hiyo katika programu ya picha kabla ya kuiingiza, au uhamishie ukungu kwenye leya ya marekebisho iliyo juu yake, yaani leya tupu ambayo efekti zake hugusa zilizo chini yake, nayo itahesabu pikseli za kadi peke yake. Sijui kwa nini jambo hili halifundishwi katika somo la kwanza.

Wakosaji wengine ni wa kawaida zaidi: ukungu wa mwendo, ambao huikokotoa leya inayosogea mara nyingi ndani ya fremu moja, efekti za mwangwi, ambazo hudai fremu zilizopita, na chembechembe za kumetameta, ambazo kila mteja huzipenda. Vizime unapopanga mwendo, uviwashe mwishoni. Vilevile shusha ubora wa onyesho hadi nusu, kwani nusu ya upana na nusu ya kimo ni robo ya pikseli zote, na kazi ya mwisho haitaharibika, mradi tu wakati wa kuitoa uchague ubora kamili.

Video zilizorekodiwa kwa simu zina taabu yake. Kodeki, yaani mbinu ya kubana video, kama H.264 haihifadhi kila picha nzima. Huhifadhi picha kamili moja baada ya muda, na kati yake huandika tofauti tu. Ukiruka hadi katikati ya video, programu hulazimika kurudi kwenye picha kamili ya karibu na kuijenga tena hatua kwa hatua. Ibadilishe video hiyo kuwa ProRes au DNxHR, kodeki zinazohifadhi kila picha nzima, kabla ya kuanza. Faili itavimba, lakini kazi itakuwa nyepesi.

Kuhusu vifaa, toleo hilo la 22 liliirudishia programu uwezo wa kukokotoa fremu kadhaa kwa pamoja, kila moja kwenye viini tofauti vya prosesa, yaani sehemu zake zinazoweza kufanya hesabu kwa wakati mmoja. Kwa kuwa kila fremu inayopikwa huhitaji nafasi yake, prosesa mwenye viini vingi na RAM ndogo hukaa bila kazi, na hapa ule ushauri wa dukani unapata haki yake. Kadi ya michoro husaidia efekti zilizoandikwa kwa ajili yake, zikiwemo ukungu wa Gauss na marekebisho ya rangi ya Lumetri, lakini sehemu kubwa ya hesabu bado ni ya prosesa. Akiba ya diski, yaani fremu zilizokokotolewa na kuhifadhiwa kwenye diski, inayoonyeshwa kwa mstari wa buluu, iwekwe kwenye SSD (diski ya kasi) yenye nafasi ya kutosha.

Yapo pia mambo madogo yanayopoteza saa nzima. Kitufe cha Caps Lock kikiwashwa, After Effects huacha kabisa kusasisha onyesho, na asiyeuona utepe mwekundu chini ya picha hudhani programu imeganda. Kompyuta mpakato inayotumia betri hupunguza kasi ya prosesa wake ili kuokoa chaji, na ikipata joto hupunguza tena ili isiungue. Mradi uliokwenda vizuri asubuhi unaweza kuwa mzito saa nane mchana bila leya hata moja kuongezwa. Chomeka chaja, safisha vumbi kwenye feni, na uiweke mezani badala ya kitandani, ambako godoro huziba matundu ya hewa.