Steringi, adui na mjeledi wa usiku

"Steringi hafi, adui lazima afe." Maneno hayo tuliyabeba kutoka vibanda vya video hapa Dodoma, na wengi bado wanayatumia kupimia riwaya za fantasia, yaani hadithi za uchawi na viumbe wa ajabu. Jioni huwasomea watoto wa mtaani kwetu Chang'ombe, na swali lao la kwanza ni lilelile: huyu mzuri au mbaya?

Dhana: Katika fantasia, mwovu huzaliwa mwovu na mwema hatelezi.

Ukweli: Tolkien, mwandishi Mwingereza aliyechapisha riwaya ya The Lord of the Rings mwaka 1954 na 1955, ndiye anayesingiziwa zaidi. Gollum wake hakuzaliwa zimwi. Alikuwa Sméagol, kijana wa kando ya mto, akamnyonga rafiki yake Déagol kwa sababu ya pete ya uchawi ambayo Déagol aliiokota siku ya kuzaliwa ya Sméagol. Na Frodo, steringi mwenyewe aliyepewa kazi ya kuiangamiza, akishafika kwenye mlima wa moto anakataa kuitupa ile pete. Anaivaa, anasema ni yake. Inaingia motoni kwa sababu Gollum anamng'ata kidole, anaipata, kisha anaporomoka nayo. Kama Frodo na ndugu yake Bilbo, aliyekuwa na pete kabla yake, wasingemhurumia Gollum huko nyuma, asingekuwepo pale.

Dhana: Utata huo ni wa Wazungu, ngano zetu zina fisi mlafi na sungura mjanja tu.

Ukweli: Msome Shaaban Robert, Adili na Nduguze, 1952. Hasidi na Mwivu wanamfanyia ndugu yao Adili ubaya kwa kijicho, jini anawageuza manyani, na Adili anaamriwa kuwachapa kila usiku. Anawachapa huku analia, kisha anawabembeleza na kuwalisha. Nilipofika hapo, binti mmoja aliyekuwa anamung'unya ubuyu aliitema mbegu kiganjani, akaikazia macho.

"Anti, mbona anayechapa ndiye mzuri?"

Sikuwa na jibu la haraka, na sikutaka kumdanganya. Hapo mwema ndiye mwenye mjeledi, waovu ndio wenye machozi, na bado kosa lao halijafutika.

Dhana: Kumwelewa mwovu ni kumtetea.

Ukweli: Hapana. Tukijua tamaa ilivyomwingia Sméagol, Déagol hafufuki.

Kesho yake watoto walifika wamegawanyika. Wengine walisema Adili angeutupa ule mjeledi, liwalo na liwe. Binti wa ubuyu alikaa katikati yao, akaniomba niwasomee tena ukurasa ule, polepole.