Mbwa ana uchungu wa kuzaa? Andika saa aliyoanza kusukuma

Simu nyingi za usiku zinaanza hivihivi, "Dokta, mbwa anahema sana, anachimbachimba, chakula hataki, nimlete?" na mara nyingi mi nasema mwache kwanza. Uchungu wa mwanzo ndo uko hivyo, anatetemeka, anakataa mpaka nyama, anaweza kutapika, anachanachana matambara uliyomtandikia, na hali hiyo inaenda masaa 6 mpaka 12, kwa jike wa mimba ya kwanza hata 24. Ukiwa unampima joto kwa nyuma siku za mwisho utaliona mapema, kawaida yake ni 38 na pointi zake, likishuka kwenye 37 hivi jua ndani ya siku moja anazaa. Mpishe tu, na majirani wasije kuchungulia bandani maana mbwa akiwa na wasiwasi uchungu unasimama.

Akianza kusukuma sasa, yaani tumbo linakaza kabisa unaliona, hapo angalia saa na uiandike. Nusu saa anasukuma kwa nguvu na hamna mtoto, piga simu. Kupumzika kati ya mtoto na mtoto ni kawaida, wengine wanalala usingizi huku wananyonyesha, ila masaa mawili yakipita na una uhakika bado wamo, piga pia. Huo uhakika unatoka wapi? Eksirei baada ya siku ya 55, mifupa inakuwa inaonekana tunahesabu vichwa, utrasaundi inakuambia mimba ipo na wako hai lakini idadi inakosea sana.

Uchafu wa kijani unachanganya wengi. Unatoka kwenye kondo, so mtoto wa kwanza akishatoka usishtuke ukiuona, ila ukitangulia kabla hata mtoto mmoja hajatoka maana yake kondo limeshabanduka na huko ndani hewa inakatika, huyo weka kwenye gari njoo. Mtoto kutanguliza miguu ya nyuma kwa mbwa ni kawaida tu, waliozoea ng'ombe ndo wanapata presha.

Sasa jamani oksitosini, ile sindano ya kukaza mfuko wa uzazi. Mtu anainunua duka la dawa za mifugo, anachoma, mtoto hatoki, anachoma tena! Kama mtoto amekaa vibaya au njia haijafunguka unachofanya ni kuukamua mfuko wa uzazi na mlango umefungwa, unaweza kupasuka, na waliobaki ndani wanakosa hewa. Hiyo sindano tunachoma tukishapima na kujua njia iko wazi. Na wenye buldogi msisubiri uchungu kabisa, vichwa vyao vikubwa na nyonga za mama nyembamba, pangeni operesheni mapema na dokta wenu.

Ukipiga simu niambie tarehe aliyopandwa, saa aliyoanza kusukuma, wangapi wametoka na uchafu una rangi gani, hapo tunaokoa muda mwingi.

Halafu kuna hii ya wiki ya pili mpaka ya nne baada ya kuzaa, hasa mbwa wadogo wenye watoto wengi, mama anakakamaa, anayumba, anatetemeka na joto linapanda. Kalisiamu imeisha, imeenda kwenye maziwa. Watoe watoto kwenye ziwa, wape maziwa ya chupa ya watoto wa mbwa, na mama aletwe usiku huohuo tumwekee ya mshipani taratibu. Vidonge vya kalisiamu mnavyowapa wakiwa na mimba havizuii hii kitu, vinaongeza uwezekano wake.