Uzee hauanzi Jumapili

Wiki hii wameniletea babu mwingine aliyechanganyikiwa ghafla, kutoka upande wa Sikonge. Kabla sijauliza, mwanawe ananiambia: "Daktari, ni uzee tu, mtundikie dripu ya vitamini turudi." Nikauliza huo uzee umeanza lini. "Jumapili." Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Jamani, uzee hauanzi Jumapili. Demensia, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, kwa kawaida huja polepole, kwa miezi na miaka. Mtu aliyekuwa anahesabu ng'ombe wake juzi, leo anamwita mjukuu kwa jina la marehemu kaka yake, huyo anaumwa: malaria, nimonia, UTI, kukaukiwa maji, sukari kushuka, damu kuvuja kichwani baada ya kuanguka. Na msinitulize kwa kusema mwili hauna joto. Mzee anaweza kuwa na nimonia kali bila homa.

Kinachoniuma zaidi ni hawa wanaonyamaza. Anayeweweseka usiku na kufukuza watu huletwa haraka, hata kama atapitishwa kwa mganga kwanza. Aliyenyamaza haletwi. Analala mchana kutwa, uji unagandia kwenye kikombe, ukimwita anafumbua macho na kuyafumba tena, na nyumba nzima inasema "mwacheni apumzike." Hapumziki! Ni tatizo lile lile la akili kuvurugika ghafla, na mara nyingi huyu ndiye anayefika kwetu akiwa na hali mbaya zaidi.

Dawa nazo. Leteni mfuko wote, pamoja na zile za dukani. Babu huyu alikuwa na mafua, akanunuliwa Piriton, akameza siku tatu. Ana tezi dume iliyokua. Dawa ile huweza kuvuruga ubongo wa mzee, na huweza kufunga mkojo. Nilipofunua shuka, kibofu kilikuwa kimevimba hadi karibu na kitovu. Tukaweka mpira wa mkojo, ikatoka zaidi ya lita moja.

Kipimo cha malaria pia kilisoma chanya. Kwa huku kwetu Tabora, ambako malaria ni nyingi, hilo peke yake halinitoshi; naitibu, na naendelea kutafuta. Wapo ambao sababu siioni kabisa. Wapo wanaopona maambukizi lakini akili hairudi yote, na mtoto akiniuliza itarudi lini, sina jibu la kumpa.

Ijumaa asubuhi nilimkuta babu ameketi kitandani. "Shikamoo babu."

"Marahaba. Huyu kijana yuko hapa na mimi tangu lini? Ng'ombe wangu wako na nani?"