Nyambizi inakaa chini ya maji muda gani, na kwa nini nyingine hazisikiki

Watu wakibishana nyambizi ipi ni kali huwa wanaanza na makombora, lakini cha kuuliza kwanza ni hiki: ikishazama, nguvu ya kwenda inaitoa wapi? Hapo ndo panaamua itakaa chini siku ngapi na itasikika umbali gani, maana rada haifiki chini ya maji, huko unawindwa kwa masikio, yaani sona, vifaa vya kusikiliza sauti ndani ya maji.

Chukua ya dizeli na umeme. Dizeli bila hewa haiungui, kwa hiyo ikizama injini zinazimwa na propela inazungushwa na mota ya betri, na hapo ni kimya cha ajabu, hakuna kinacholipuka wala kutetemeka. Tatizo betri inaisha, tena kasi ndo inaimaliza vibaya sana: ukitaka mwendo mara mbili unahitaji nguvu kama mara nane. Ikijikokota kilomita 7 kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea haraka, inaweza kumaliza siku kadhaa, ila ikikimbia kwa nguvu zote ni masaa tu betri imekufa. Halafu lazima ipande karibu na juu, itoe snokeli, lile bomba la kuvuta hewa, iwashe dizeli ichaji. Bahari ikichafuka wimbi linafunika bomba, vali inajifunga pa! na injini zinaanza kunyonya hewa ya humo humo ndani mpaka mabaharia wanaumwa masikio. Muda wote huo injini zinanguruma na bomba liko nje, linaweza kuonekana hata kwa rada. Hapo ndo nyambizi ya dizeli ni rahisi kunaswa kuliko ikiwa chini.

Nyuklia iliondoa hilo. Kinu cha nyuklia kinatoa joto, joto linatengeneza mvuke, mvuke unazungusha turbaini, hewa haihitajiki kabisa, na oksijeni ya kupumua inatengenezwa kutoka kwenye maji. USS Nautilus ya Marekani, iliyoanza kazi 1954, ilipita chini ya barafu ya Ncha ya Kaskazini mwaka 1958, na 1960 USS Triton ikazunguka dunia ikiwa imezama. Kinachorudisha nyambizi ya nyuklia bandarini ni chakula na uchovu wa watu. Ila wengi wanadhani nyuklia ndo kimya kuliko zote, si lazima iwe hivyo. Mota ya betri unaweza kuizima ukatulia tuli, kinu hata ukikizima kinaendelea kutoa joto linalotakiwa kuondolewa, na kikiwa kazini kuna pampu, turbaini na gia. Mainjinia wamehangaika miaka na miaka kuweka mitambo juu ya raba isigusane moja kwa moja na bodi, na vinu vingine vinazungusha maji bila pampu mwendo ukiwa mdogo, kwa hiyo za kisasa ziko kimya sana, ila ni kimya cha gharama kubwa.

Katikati kuna mfumo usiotegemea hewa ya nje. Nyambizi Gotland ya Sweden inabeba oksijeni ya kimiminika na kuunguza nayo dizeli kwenye injini ya Stirling, ambayo haina milipuko ya ndani kama dizeli ya kawaida. Wamarekani waliikodi pamoja na mabaharia wake, ikafanya mazoezi nao San Diego 2005 hadi 2007, kwa sababu kuitafuta kulikuwa kazi kweli. U-32 ya Ujerumani, inayopata umeme kwa kuunganisha haidrojeni na oksijeni, ilikaa chini siku 18 mfululizo mwaka 2013. Lakini nguvu ya mfumo huu ni ya kutembea polepole tu, na oksijeni ya kwenye tangi ikiisha unabaki na betri na snokeli kama wenzako.

Na aina yoyote ile, propela ikizunguka kasi sana inatengeneza vipovu vinavyopasuka kwa kelele. Kina kikubwa kinavichelewesha maana maji yanakandamiza, ndo maana nyambizi ya nyuklia inayotaka kukimbia inashuka chini zaidi kwanza.